Biashara yako ina siku ngapi? Hesabu ya kufanya kabla ya kukopa hali inapokuwa ngumu

Jioni moja tulikuwa hewani, simu zimefunguliwa, mada ikiwa ni biashara ndogo katika kipindi hiki ambacho kila mtu analalamika kwamba fedha haionekani. Akapiga mama mmoja kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Singida. Baada ya shikamoo zetu na marahaba yake, akauliza:

"Wanangu, mimi nauza mafuta ya alizeti ya kupima. Nina laki moja na elfu themanini mkononi. Kuna watu wanapita hapa kijijini wanatoa mkopo wa laki tatu, siku hiyohiyo unapata. Wanataka kitambulisho na wanapiga picha kabati na kitanda. Nichukue nikuze biashara, au niache?"

Waliopiga simu baada yake waligawanyika. Wengine wakasema mwoga hapati mali, achukue. Wengine wakamwambia akimbie. Sisi tulikuwa na dakika nne tu kabla ya taarifa ya habari, tukamjibu kwamba inategemea na biashara yenyewe. Msikilizaji, hilo halikuwa jibu. Mtu ameuliza swali linalohusu kitanda anacholalia, nasi tukampa neno moja la kuzungukia.

Kesho yake tulimpigia. Tukakaa naye kwenye simu karibu saa nzima, yeye na daftari lake, sisi na kikokotoo. Makala haya yametokana na hesabu hizo. Ameturuhusu kuzitumia bila kutaja jina wala kijiji, na tumezirahisisha kidogo ili zifuatike kwa urahisi. Unaweza kuwa unauza dagaa, unashona, unachaji simu au unafuga kuku. Badilisha majina ya bidhaa, hesabu ni ileile.

Hali ngumu inafikaje kijijini

Wachumi wana kipimo chao cha mdororo: mara nyingi husema uchumi umedorora pale uzalishaji wa nchi unaposhuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo. Lakini kipimo hicho kinaweza kumpita mtu wa kijijini bila kumgusa, au ukweli wake ukawa mbaya kuliko kipimo. Mwaka 2020, wakati wa korona, takwimu za serikali zilionyesha uchumi wa Tanzania unaendelea kukua, ingawa kwa kasi ndogo kuliko kawaida. Muulize mpagazi wa Mlima Kilimanjaro au muuza vinyago wa Arusha mwaka ule ulikuwaje, atakupa habari nyingine.

Kwetu vijijini hali ngumu huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni bei za vitu tunavyonunua kupanda. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ulifika karibu shilingi 130,000, hadi serikali ilipoweka ruzuku na bei kwa mkulima ikashuka kuwa 70,000. Agosti mwaka huo petroli jijini Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita, na petroli ikipanda, nauli ya bodaboda nayo hupanda. Njia ya pili ni bei ya mazao yetu kushuka. Zao likikosa bei, mkulima hana fedha, na mkulima ndiye mteja wa muuza mafuta, fundi cherehani na mwenye genge.

Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anabanwa pande mbili kwa wakati mmoja: ananunua kwa bei ya juu, anamuuzia mtu ambaye mfuko wake umepungua. Hapo ndipo biashara nyingi hufa. Na zinapokufa, mara nyingi daftari linaonyesha kwamba zilikuwa na faida. Kilichokosekana ni fedha taslimu za kufika kesho.

Hesabu ya siku

Swali la kwanza tulilomuuliza mama lilikuwa hili: kama kuanzia kesho asubuhi hakuna hata mteja mmoja atakayekuja, una siku ngapi kabla ya kufunga?

Hakuwahi kulifikiria. Tukalijibu pamoja. Tulianza na matumizi ambayo hayaulizi kama umeuza au hukuuza:

Pango la kibanda ni shilingi 30,000 kwa mwezi, sawa na 1,000 kwa siku. Nauli na vocha ni 1,000 kwa siku. Fungu analochukua kwa ajili ya chakula cha nyumbani ni 4,000 kwa siku. Jumla ni shilingi 6,000 kila siku, jua liwake, mvua inyeshe.

Alikuwa na shilingi 180,000. Gawanya kwa 6,000, unapata siku 30. Hizo ndizo siku za biashara yake, kama fedha yote iko mkononi.

Lakini muuza mafuta lazima awe na mafuta. Akinunua dumu moja la lita 20 kwa shilingi 90,000, fedha mkononi inabaki 90,000, sawa na siku 15. Akinunua madumu mawili ili "duka lionekane limejaa", anabaki na siku sifuri. Mafuta anayo, ni kweli, na yana thamani. Ila mafuta hayalipi pango wala hayapandi bodaboda. Mpaka yauzwe.

Fanya hesabu hii leo usiku. Andika matumizi yako ya lazima ya siku moja, likiwamo fungu la nyumbani, na usijidanganye kwenye fungu hilo. Kisha hesabu fedha taslimu uliyonayo, ile ya kwenye kopo na ile ya kwenye simu. Gawanya. Namba utakayopata iandike kwenye jalada la daftari, na kila Jumapili uiandike upya. Kuanzia hapo, kila uamuzi wa biashara upime kwa namba hiyo: je, unaniongezea siku au unanipunguzia?

Mkopo wa laki tatu, kwa hesabu ya siku

Sasa turudi kwenye swali lake. Mkopo ule ulikuwa wa shilingi 300,000, marejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Riba ni 90,000 kwa mwezi mmoja, yaani asilimia 30. Ndiyo mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu.

Mama huuza wastani wa lita 10 kwa siku. Lita moja anainunua kwa 4,500 na kuiuza kwa 5,500, faida 1,000. Lita 10 zinampa faida ya 10,000. Toa matumizi ya 6,000, anabakiwa na 4,000 kwa siku. Marejesho ni 13,000. Kila siku atapungukiwa na 9,000, na hizo 9,000 zitatoka kwenye mtaji.

Wanaoshauri kukopa husema kwamba ukiwa na mtaji mkubwa utauza zaidi. Hapo tulimuuliza mama: kuna siku umewahi kurudisha wateja kwa sababu mafuta yamekwisha? Akasema hapana, dumu linakaa siku mbili, na mashine ya kukamua iko kijiji jirani. Basi tatizo lake halikuwa uhaba wa mafuta. Watu hawali ugali na mboga mara mbili zaidi kwa sababu kibanda chake kina madumu matano badala ya moja.

Tufuate fedha hadi mwisho wa mwezi. Bila mkopo, mauzo yakiwa ya kawaida, anaanza na 180,000, anaongeza 4,000 kwa siku 30, anamaliza na 300,000. Kwa mkopo, anaanza na 480,000, anaongeza 120,000 zilezile, analipa 390,000, anamaliza na 210,000. Amefanya kazi mwezi mzima, amelala na wasiwasi, na amepoteza 90,000.

Hiyo ni kama mwezi umekwenda vizuri. Mauzo yakishuka hadi lita 5 kwa siku, faida ni 5,000 na matumizi ni 6,000, kwa hiyo anapoteza 1,000 kila siku. Bila mkopo atamaliza mwezi na 150,000: ameumia, lakini yuko hai. Kwa mkopo atamaliza na 60,000. Na kama wateja wanadaiwa 60,000 kwenye daftari, mkononi hana kitu. Hapo ndipo ile picha ya kabati na kitanda inapotolewa.

Hatusemi mkopo wowote ni mbaya. Tunasema mkopo unasaidia pale ambapo wateja wapo, fedha ipo tayari mikononi mwao, na kinachokosekana ni bidhaa tu. Kama wateja wenyewe wamepungua, mkopo hauwezi kuwaongeza. Utakuongezea gharama ya kila siku, na siku zako zitapungua.

Anza na kinachotafutwa, usianze na unachokipenda

Wapo wasikilizaji ambao hawajaanza bado. Wana akiba kidogo, hali ni ngumu, wanajiuliza kama huu ni wakati wa kuanzisha kitu au wa kusubiri.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi na mzigo mkubwa, mafuta ya petroli yalikuwa yamepanda bei duniani, maduka yalikuwa matupu. Sabuni, sukari na dawa ya meno vilipatikana kwa foleni. Watu walikula ugali wa yanga. Katika hali hiyo, mhasibu mmoja jijini Dar es Salaam alitafuta kalamu ya kuandikia akaikosa. Alikuwa Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Aliagiza vipande vya kalamu kutoka Kenya, akaanza kuviunganisha nyumbani kwake na kuuza kalamu. Baadaye tulimjua kama mwenye kundi la makampuni ya IPP, lenye viwanda, magazeti na televisheni. Alifariki mwaka 2019.

Si kila muuza kalamu atakuwa Mengi, na hatutaki kumdanganya mtu. Tunachotaka uangalie ni namna alivyoanza. Alianza na kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakitafuta na hawakipati. Hakujenga kiwanda kwanza, alitumia nyumba aliyokuwa anaishi. Na hakuacha kazi yake ya uhasibu siku ileile, aliendelea nayo kwa miaka kadhaa. Kwa lugha ya makala haya, mshahara wake ulikuwa unamwongezea siku.

Kama una shamba, usiliache kwa sababu umefungua genge. Kama una kibarua cha siku tatu kwa wiki, kishikilie. Biashara changa isilazimishwe kulisha familia nzima tangu wiki ya kwanza, kama vile huwezi kumtwisha mtoto wa miaka mitano ndoo ya lita 20.

Na kabla ya kununua chochote, pima. Nenda mnadani siku mbili tatu bila bidhaa. Sikiliza watu wanauliza nini na wanaondoka bila kukipata. Kisha jaribu kwa kiasi kidogo ambacho hata kikipotea chote utalala.

Punguza kipi, usipunguze kipi

Hali ikibana, wengi hukata mahali pasipostahili. Punguza vile ambavyo mteja havioni wala havimsaidii. Bango la kuchora linaweza kusubiri. Rafu mpya inaweza kusubiri. Pango la fremu ya barabarani, kama wateja wako wengi ni majirani, linaweza kuachwa ukauzia nyumbani. Kwa mama yetu hiyo ingepunguza matumizi kutoka 6,000 hadi 5,000 kwa siku, na fedha ileile ya 180,000 ingekuwa siku 36 badala ya 30.

Nunua kidogo kidogo kama mzigo uko karibu. Tulimshauri mama amwombe mwenye mashine amuuzie lita 10 badala ya dumu zima. Kwa hiyo anatumia 45,000, anabaki na 135,000, zaidi ya siku 22 badala ya 15. Hii inafaa kwake kwa sababu mwanawe hupita pale kwa baiskeli akitoka shule. Kama mashine ingekuwa mbali na kila safari ni nauli ya 2,000, faida ya lita mbili ingeishia njiani, na dumu zima lingekuwa bora.

Uza kwa vipimo vidogo. Mtu aliyekuwa ananunua lita sasa ana shilingi 1,500 mfukoni. Ukiwa na kipimo cha robo lita kwa 1,400 utampata. Ukisema lita tu, ataenda kwa mwingine.

Usipunguze kipimo chenyewe. Kupunja ni kosa kisheria, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo, lakini hata wasipofika kijijini kwako, majirani wanajua. Hali ngumu huwafanya watu wahesabu kila tone. Mteja akishakuhesabia mara moja, amekwenda, na ataondoka na dada zake.

Usipunguze pia usafi na ubora. Na kama unafikiria kufungasha kwenye chupa zenye nembo yako, usichapishe lebo elfu moja kwanza. Vyakula vilivyofungashwa viko chini ya TBS, na SIDO wana ofisi mikoani na hutoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Uliza kwanza, kisha ndipo utumie fedha.

Daftari la madeni

Hapa ndipo mama alipokaa kimya kidogo kwenye simu. Tulimuuliza anadai watu kiasi gani. Akahesabu: shilingi 60,000. Kwa matumizi yake, hizo ni siku 10. Wateja walikuwa wamebeba siku 10 za biashara yake, na baadhi hawakumbuki hata kama wanazo.

Kukopesha kijijini hakukwepeki. Anayekopa ni shemeji, ni jirani aliyekusaidia kwenye msiba, ni mwalimu wa mwanao. Ukikataa wote utabaki na maneno. Lakini kukopesha kuna mipaka, na mipaka iwekwe mapema. Mama sasa ameweka mitatu. Jumla ya madeni yote haivuki 18,000, yaani siku 3. Mwenye deni halipwi deni la pili kabla ya kumaliza la kwanza, yaani hapewi tena mpaka alipe. Na kila deni lina siku ya kulipa inayofanana na kipato cha mkopaji: mwalimu mwisho wa mwezi, mkulima siku ya mnada.

Kumbuka pia hesabu hii. Mtu akichukua lita moja asilipe kabisa, umepoteza 4,500 ulizonunulia. Kwa faida ya 1,000 kwa lita, unahitaji kuuza lita nne na nusu ili urudi ulipokuwa.

Kuna njia ya kulielekeza jambo hili upande mwingine: wateja wakulipe kabla. Kikundi cha kina mama, mama lishe wa mnadani, au familia yenye sherehe, waambie wakitoa fedha leo utawaletea mzigo keshokutwa kwa punguzo dogo. Unanunua kwa fedha yao, siku zako haziguswi. Ila ukichukua fedha ya mtu, mzigo ufike siku uliyosema. Ukichelewa mara moja, mlango huo umefungwa.

Simu mbili katika simu moja

Wasikilizaji wetu wengi huweka fedha za biashara na za nyumbani kwenye laini moja. Ada ya mtoto, vocha ya mjomba na fedha ya mzigo vinakaa chungu kimoja. Mwisho wa wiki hujui kilicholiwa ni faida au ni mtaji.

Kama simu yako ina sehemu ya laini mbili, laini moja iwe ya biashara. Au chukua Lipa Namba kwa mtandao wako, wateja walipie huko. Angalia makato kabla: kutoa fedha kidogo kidogo kila siku kunakula, afadhali utoe mara moja kwa wiki kiasi kilichopangwa. Na lile fungu la nyumbani la 4,000 ulichukulie kama mshahara. Ukishalichukua, kopo la biashara limefungwa hadi kesho, hata kama harufu ya nyama choma inatoka kwa jirani.

Andika. Daftari la shilingi 500 linatosha: kilichoingia, kilichotoka, kinachodaiwa. Siku ukienda TRA kuchukua TIN, ambayo hutolewa bure, au ukiomba mkopo wa halmashauri, daftari hilo ndilo litakalokusemea.

Miezi ya neema na miezi ya kufunga mkanda

Mfanyabiashara wa mjini ana mwisho wa mwezi. Wa kijijini ana msimu. Kwa Singida, alizeti na mtama vikishavunwa, katikati ya mwaka, fedha inatembea. Ikifika Januari hadi Machi ghala zimepungua, watoto wanahitaji sare na madaftari, watu wako mashambani na mifuko imekauka.

Kosa tunalolisikia sana ni kukuza biashara mwezi wa Julai kana kwamba Julai itadumu. Mtu anaongeza fremu, anaajiri kijana, ananunua friji. Februari inamkuta na matumizi ya Julai na mauzo ya Februari. Fanya kinyume: miezi ya mavuno, ongeza siku. Kama kawaida yako ni siku 20, jitahidi uingie Januari na siku 40.

Kama ni lazima kukopa

Kwanza tazama kikundi. VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na riba mnayolipana hurudi kwenu wakati wa mgao. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa.

Pili, mikopo ya halmashauri. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na pa kuanzia ni ofisi ya afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Mara nyingi huchukua muda, kwa hiyo usiiombe ukiwa umebakiza siku tano.

Tatu, mkopeshaji binafsi awe na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Kabla ya kubonyeza "kubali", hakikisha ana leseni. Mkataba uwe kwa lugha unayoielewa, uonyeshe jumla ya fedha utakayorudisha, na ubaki na nakala. Kisha chukua rejesho la siku moja, liweke karibu na faida yako ya siku baada ya matumizi. Rejesho likiwa kubwa kuliko faida hiyo, umeshapata jibu.

Siku saba

Jambo la mwisho tulilozungumza na mama ni gumu kulisema hewani. Kuna wakati biashara inatakiwa isimame.

Tulikubaliana naye mstari: namba ikishuka chini ya siku 7, asinunue mzigo mpya. Auze uliopo, akusanye madeni, arudi shambani au kwenye kibarua mpaka namba ipande. Kusimama ukiwa na shilingi 42,000 mkononi na hudaiwi na mtu ni tofauti kabisa na kusimama ukiwa na deni. Wa kwanza anaweza kufungua tena baada ya mavuno. Wa pili anafungua akiwa anamfanyia kazi mkopeshaji, kama bado ana kitanda.

Mama hakuchukua ule mkopo. Jirani yake, muuza nguo za mtumba, alichukua. Kufikia wiki ya tatu kabati lake lilikuwa limebebwa kwa bajaji mchana kweupe, watoto wakiangalia. Mama alitueleza habari hiyo kwa huzuni. Yule jirani ni mchapakazi kuliko yeye, alisema, ila hakuwa amepata mtu wa kukaa naye na daftari.

Biashara ya mama haijawa kubwa. Mwezi wa pili mauzo yalishuka kweli, namba ikafika siku 11, akapunguza mzigo na kuuza vipimo vya robo. Siku hizi akipiga simu studio hatusubiri atuambie mada. Tunamuuliza kwanza, "Mama, tuko siku ngapi?" Mara ya mwisho alijibu, "Ishirini na mbili, wanangu, na jirani nimemkopesha daftari langu la zamani ajifunze."

Chukua kalamu. Nawe uhesabu za kwako kabla ya kulala, kisha utupigie kwenye kipindi cha jioni utuambie umepata ngapi. Hata kama ni tatu, tutakaa nawe tuhesabu.